Baridi na Burudani: Maneno ya Kifaransa Katika Njia ya Tunduma

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao watu wa visiwani wanaukumbuka kwa jambo moja: ndio uliofungua njia ya Unguja na Pemba kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mkataba huohuo ulikuwa na kazi nyingine isiyotajwa sana huku pwani. Ulichora mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na ukaiacha upande wa Waingereza njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Katika mstari huo ndipo ulipo mji wa Tunduma, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Mtu wa Mji Mkongwe na mtu wa Tunduma wametenganishwa na mkono wa bahari na karibu kilomita 1,000 za barabara, lakini historia yao ya kutawaliwa iliandikwa kwa wino mmoja.

Mpaka huzuia watu na mizigo. Maneno hupita bila kukaguliwa. Ndiyo maana mji wa mpakani ni mahali pazuri pa kuichunguza lugha, kwa kuwa hapo neno huonekana likiwa safarini, kabla halijazoeleka na kusahauliwa lilikotoka. Makala haya yanafuata kundi dogo la maneno ya namna hiyo: maneno ya mapumziko, ya michezo na ya baridi, yaliyoanza safari katika Kifaransa, yakapita katika Kiingereza, na mengine yakafika katika Kiswahili. Swali lililomo ndani yake si la wanaisimu peke yao. Ni swali la mtu anayetegemea tafsiri ili ajue haki yake, na la mshairi anayetaka kujua amerithi nini.

Tunduma imo katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Ni nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila na jamaa zao, na Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita hapo. Barabara kuu nayo inapita hapo, na malori yanayoifuata hayaishii Zambia. Mengi huendelea mpaka Kasumbalesa, yakaingia Kongo na kufika Lubumbashi, kisha yakarudi na shaba ya Katanga.

Katika mji kama huu maneno ya kazi yenyewe yanasimulia historia. Forodha na ushuru ni Kiarabu, na ushuru asili yake ni sehemu ya kumi ya mali. Maneno hayo yalitoka pwani pamoja na misafara. Lakini pasipoti, viza, leseni na tiketi yalikuja na utawala wa Waingereza, na aghalabu mtu akiulizwa atasema ni Kiingereza. Kwa kweli yote manne ni Kifaransa kilichovaa kanzu ya Kiingereza. Pasipoti ni "passeport", neno lililoundwa kwa kupita na kwa bandari. Tiketi ni binamu wa "étiquette", yaani kipande cha karatasi kilichobandikwa. Viza Waingereza waliipokea kwa Wafaransa kama ilivyo, wala hawakuibadilisha herufi.

Upande wa michezo mambo ni hayohayo. Tenisi ilitokana na "tenez", yaani "shika!", ukelele wa mchezaji wa Kifaransa kabla ya kuurusha mpira. Neno "sport" lenyewe Waingereza walilikata kutoka "desport" ya Kifaransa cha kale, maana yake kujiliwaza au kujiondolea mawazo. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 19, Wafaransa walilichukua tena kutoka Uingereza, likiwa limenyolewa kichwa, wakaliona geni. Waingereza, basi, hawakutafsiri maneno ya starehe ya Wafaransa. Waliyachukua yalivyo, wakayaozesha kwa matamshi yao, na watoto wakaitwa Waingereza.

Kiswahili kimeyapata mengi ya maneno hayo kwa mkono wa pili. Lakini iko njia nyingine, nayo pia inafika Tunduma. Kabla ya Wabelgiji kuishika Katanga, mfanyabiashara Msiri kutoka Unyamwezi alikuwa amejenga dola yake na mji mkuu wake Bunkeya, na misafara iliyofika kwake ilikwenda na lugha za mashariki, Kiswahili kikiwamo. Msiri aliuawa Desemba 1891. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya madini ya Union Minière, na Kiswahili kikakuzwa huko kuwa lugha ya kazi baina ya watu waliokusanywa kutoka kila pembe. Mabwana wa kazi walisema Kifaransa, na Kifaransa kikaingia moja kwa moja katika Kiswahili cha Katanga bila kupitia London. Dereva wa huku ni shofere wa kule. Timu ya huku ni ekipe ya kule. Mfanyakazi wa huku akienda likizo, mwenzake wa Lubumbashi huenda konje, ambayo ni "congé" ya Kifaransa, na mwanafunzi huenda vakansi.

Kiswahili kilichotoka mashariki katika karne ya 19 kikiwa mikononi mwa wapagazi sasa kinarudi mashariki ndani ya malori, kikiwa na Kifaransa mdomoni. Na si madereva tu wanaokutana nacho. Mbwana Samatta alipoondoka Simba mwaka 2011 akajiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwaka 2015 akaibuka nayo bingwa wa Afrika, alikuwa amehama kutoka soka inayosimuliwa kwa maneno ya Kiingereza yaliyoswahilishwa na kuingia soka inayosimuliwa kwa maneno ya Kifaransa. Katika soka hiyo "forfait" ni pigo zito: timu isiyofika uwanjani hupoteza mchezo bila kucheza.

Sasa na tuliangalie neno la mapumziko lenyewe. Wafaransa husema "loisir", na Waingereza walilipokea wakalifanya "leisure". Shina lake ni kitenzi cha Kilatini "licere", maana yake kuruhusiwa. Kutokana na shina hilohilo limekuja neno ambalo kila dereva wa Tunduma analo mfukoni, yaani leseni. Mapumziko na leseni, kwa lugha hizo, ni ndugu wa tumbo moja: kupumzika ni kupewa kibali. "Congé" nayo ina ukoo unaofanana. Imetokana na "commeatus" ya Kilatini, iliyokuwa ruhusa ya kwenda na kurudi, na hasa ruhusa aliyopewa askari wa Kirumi kuondoka kambini. Dereva wa Kikongo anaposema anangoja konje yake, ametamka, bila kujua, neno ambalo asili yake ni karatasi ya kupita.

Kiswahili kilipata wapi maneno yake ya jambo hili? Kupumzika kumetokana na pumzi. Anayepumzika ameirudia pumzi yake, na hapana mtu aliyempa ruhusa ya kuvuta hewa. Nafasi, tunayoitaja tunaposema "leo sina nafasi", inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pumzi pia. Faragha, katika Kiarabu, ni utupu, yaani wakati usiojazwa na kitu. Starehe imejengwa juu ya raha. Likizo inatokana na kulikiza, ambako maana yake ya zamani ni kumwachisha mtoto ziwa. Na burudani, neno tunalolitumia kwa ngoma, taarabu, mpira na kila kitu kinachofurahisha moyo, shina lake ni lile la Kiarabu la ubaridi, lililotupa baridi. Kumburudisha mtu ni kumpoza. Watu waliojenga lugha yao mahali penye jua kali na unyevu wa bahari walijua kwamba furaha huanza pale joto linapopungua: upepo wa jioni barazani, maji ya mtungini, kivuli cha mwembe.

Tofauti hiyo si pambo la maneno. Upande mmoja mapumziko ni kibali anachokitoa mwenye mamlaka. Upande mwingine ni pumzi na ubaridi ambao mwili unaudai wenyewe. Historia ya kazi imekuwa ugomvi baina ya maana hizi mbili. Huko Ufaransa wafanyakazi waligoma mwaka 1936, na sheria ya mwaka huo ikawapa wiki mbili za mapumziko yenye malipo. Kuanzia hapo "congé" ikaanza kusikika kama haki zaidi ya fadhila. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka likizo ya mwaka kuwa siku 28 mfululizo. Katika sheria kama hizo neno moja hubeba mkate wa familia, na hapo ndipo tafsiri inapoacha kuwa mchezo.

Kwani "congé" ina uso wa pili. Kifaransa humpa mfanyakazi "congé" anapokwenda kupumzika, na humpa "congé" vilevile anapofukuzwa kazi. Mpangaji aliyepewa "congé" na mwenye nyumba hakupewa mapumziko, ametakiwa ahame. Tuchukue barua ya kazi iliyoandikwa Lubumbashi kwa Kifaransa, ikatafsiriwa kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ili isomwe na mtu wa Tunduma. Mtafsiri wa kwanza atalazimika kuchagua moja ya nyuso mbili, na akikosea, mtafsiri wa pili hana njia ya kujua, kwa kuwa neno la Kiingereza lililo mbele yake limekwisha kuufunika uso mwingine. Mtu aliyefukuzwa atasoma kwamba amepewa likizo, au aliyepewa likizo atasoma kwamba amefukuzwa. Lililo la ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe, kwa kulikiza, kilikuwa na neno linaloijua maana ya kuachisha na maana ya kupumzisha kwa pamoja. Lugha mbili hizo zingekutana uso kwa uso zingeelewana haraka. Mkalimani wa tatu ndiye aliyezitenga.

Hata hivyo mapumziko ni jambo ambalo kila jamii inalijua. Mtihani mgumu zaidi wa tafsiri ni kitu ambacho macho ya wengi hayajakiona, na kwa Afrika Mashariki kitu hicho ni theluji. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai kuelekea Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimuuliza kiongozi wa msafara wake kitu kile ni nini, na mtu yule, aliyekuwa wa upande wa pwani, hakuwa na jina lake. Alijibu kwa neno moja tu: baridi. Wachaga, ambao mlima ni wao, walikuwa na jina lao, na Rebmann aliandika kwamba waliita kibo. Habari hizo zilipofika Ulaya, mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alizikanusha kwa miaka mingi akisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Msafiri wa Kijerumani Karl Klaus von der Decken, aliyeupanda mlima kiasi mwaka 1861 na tena mwaka 1862, alithibitisha kuwa Rebmann alisema kweli.

Katika kisa hiki kila mtu alikosea au alipatia kwa kadiri ya lugha yake. Mwanachuoni wa London alikuwa na neno la theluji lakini akakataa kitu. Kiongozi wa msafara hakuwa na neno lakini hakukikataa kitu. Alikitaja kwa athari yake juu ya mwili, na jibu lake lilikuwa tafsiri halali, kwa kuwa asiyekuwa na jina alitoa maana.

Kiswahili kilikuja kupata majina mawili. Theluji ni Kiarabu, na kwa Waarabu neno hilo huweza kuwa kitu kinachoanguka kutoka mawinguni au maji yaliyoganda. Barafu asili yake ni Kiajemi, na Waajemi huitumia kwa kile kinachoanguka, ilhali Wahindi huitumia kwa vyote viwili. Kiswahili, kilichopokea maneno haya pande zote mbili za Bahari ya Hindi, kiliyagawia kazi: theluji ikawa ile laini inayoanguka, barafu ikawa ile ngumu iliyoganda. Neno la tatu, sakitu, lilipewa ule umande uliogandia majanini, na limo katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 pamoja na theluji. Lugha ya watu wa joto imekata mipaka ambayo lugha zilizoikopesha hazikuikata. Anayedai kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya baridi hajakiuliza Kiswahili.

Na baridi yenyewe haiko mbali na njia tunayoifuata. Uwanda wa Mbozi, unaojulikana kwa kahawa yake, uko juu sana kuliko pwani, na watu wa Songwe huvaa masweta na kuwasha moto mwezi Juni na Julai. Katika sehemu za juu zaidi za nyanda za kusini sakitu huweza kuonekana alfajiri juu ya nyasi. Mtu wa Unguja akisikia kipupwe huwaza upepo mwanana wa kusi na usiku wa kujifunika shuka. Mtu wa nyanda za juu akilisikia neno hilohilo huwaza mahindi na ndizi zilizoungua kwa baridi. Mtafsiri anapoandika kipupwe kwa majira ya baridi ya Ulaya hana budi kukumbuka kwamba amekwisha kuwagawa wasomaji wake wawili.

Wafaransa ndio walioyaandaa mashindano ya Chamonix, chini ya mlima Mont Blanc, kuanzia tarehe 25 Januari hadi 5 Februari 1924, ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Waingereza walikuwa wakienda kwenye milima hiyo tangu zamani kwa starehe, na walipotaka kuyazungumzia mambo ya huko walifanya kama walivyofanya na tenisi. Hawakutafsiri. Poromoko la theluji waliliita "avalanche", kijisleji cha kuserereka wakakiita "luge", njia ya kuserereka wakaiita "piste". Na mengi ya maneno hayo hayakuwa hata ya Paris. Yalikuwa ya wakulima na wachungaji wa Savoie na mabonde ya jirani, watu waliokaa na theluji mwaka hata mwaka na kuogopa maporomoko yake. Maneno "ski" na "slalom" yenyewe ni ya Norwe, na Wafaransa na Waingereza wote waliyakopa. Katika starehe ya matajiri, waliotoa majina walikuwa watu wa kazi.

Pale ambapo Waingereza walilazimika kutafsiri, mitego ilijaa. "Raquette" ni kipigio cha tenisi, lakini milimani ni kiatu kipana kinachomzuia mtu asididimie katika theluji. "Ski de fond", ukiifuata neno kwa neno, itakupeleka chini kabisa, kumbe ni mbio ndefu za tambarare na vilima. "Forfait", ambayo huko Lubumbashi ni timu kushindwa bila kucheza, milimani ni tiketi ya siku nzima ya kupandishwa na mashine. Na "station" si stesheni. Ni mji au kijiji cha mapumziko. Msomaji wa Tunduma atakayeambiwa kwamba familia ya Kifaransa imekaa wiki nzima kwenye stesheni atadhani treni imeharibika, na kwa kuijua reli yake atawahurumia.

Ilifika zamu ya Afrika Mashariki. Februari 1998 Philip Boit wa Kenya alishindana katika mbio za kilomita 10 za ski huko Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja mwishoni mwa njia na kumkumbatia. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika ski ya milimani huko Pyeongchang. Kila anayetaka kusimulia habari hizi kwa Kiswahili hukutana na swali: mchezo huu tuuite nini? Maelezo yaliyoenea ni "kuteleza kwenye theluji". Yanaeleweka, lakini yana kasoro. Katika Kiswahili kuteleza ni bahati mbaya. Ulimi huteleza, mguu huteleza, na wahenga walipotaka kumliwaza aliyepatwa walisema kuteleza si kuanguka. Anayesikia kwamba mtu ameteleza kilomita 10 atampa pole kabla ya kumpa hongera.

Liko neno lingine, nalo ni kuserereka: kushuka mteremko kwa kuteleza, na mara nyingi kwa kukusudia. Ni neno la watoto wa vilimani wanaokalia gome la mgomba au jani pana na kujiachia bondeni wakicheka. Lina mteremko ndani yake, lina kasi, na lina furaha. Kwa mchezo wa milimani aliocheza Simader linafaa kuliko kuteleza. Kwa mbio za Boit, ambazo ni jasho la tambarare na miinuko, halitoshi, na hapo ni afadhali kukopa na kusema mbio za ski, kama Wafaransa na Waingereza walivyokopa kwa Wanorwe bila kuona haya. Hii ndiyo kazi ya mtafsiri: kuuliza kitu kinafanya nini, kisha kutazama ndani ya nyumba, na kubisha hodi kwa jirani baada ya hapo.

Kazi hiyo ina historia yake visiwani. Mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja kuanzia miaka ya 1860. Mmoja wao, Charles Sacleux, alichapisha Unguja mwaka 1891 kamusi ya Kifaransa na Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, ikiwa na lahaja za pwani zilizopangwa kwa uangalifu ambao wanazuoni hawajaacha kuutegemea. Kwa hivyo njia ya moja kwa moja baina ya Kifaransa na Kiswahili ilifunguliwa zamani, tena ilifunguliwa hapa, mwaka mmoja tu baada ya mkataba uliochora mpaka wa Tunduma. Haikutumiwa vya kutosha kwa sababu utawala ulikuwa wa Kiingereza, na kamusi za shule na ofisi zikafuata bendera.

Haina maana kwamba kila kilichopita kwa Waingereza kimeharibika. Shaaban Robert aliwapa Waswahili mashairi ya Omar Khayyam akiyatoa katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, wala si katika Kiajemi, na alipata kazi yenye uhai. Lakini Shaaban Robert alikuwa mshairi, na shairi huweza kuzaliwa mara ya pili na ya tatu. Barua ya kazi haizaliwi upya, hutekelezwa. Aliyenyimwa siku zake 28 kwa sababu ya neno lililotafsiriwa vibaya hatalipwa kwa uzuri wa vina.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni. Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika iliipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo marais John Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichokusudiwa kupunguza foleni za malori. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu wanaosema Kifaransa na watu wanaosema Kiswahili sasa wamo chini ya mapaa yaleyale, na wengi wao, katika Katanga na Kivu, ni watu walewale. Mikataba ya kazi, ya bima, ya michezo na ya utalii itaandikwa kwa lugha hizo mbili. Ikiwa kila karatasi itapelekwa kwanza katika Kiingereza ili ijulikane inasema nini, basi neno litakaguliwa mara mbili pale ambapo lori linakaguliwa mara moja.

Hapana budi vyombo vinavyolea Kiswahili, BAKITA bara na BAKIZA visiwani, vikae na Waswahili wa Lubumbashi na Bukavu kama wenye lugha. Wao si wageni wa kusahihishwa. Konje na ekipe si makosa ya madereva. Ni ushahidi kwamba Kiswahili kimekwisha kukutana na Kifaransa bila mkalimani, kwa zaidi ya miaka mia moja, migodini na barabarani. Orodha ya maneno hayo, ikiwekwa kando ya Sacleux, ingempa mtafsiri kitu ambacho kamusi ya Kiingereza haiwezi kumpa.

Na dereva aliyefika Tunduma, akazima gari na kujiunga na foleni, anastahili kuambiwa tofauti hii kwa lugha anayoielewa. Foleni ni amri ya askari wa Kiingereza ya kujipanga mstari. Si mapumziko, hata ikichukua siku tatu. Likizo ni siku zake kwa mujibu wa sheria. Burudani ni ule ubaridi unaomrudia mwilini anapokuwa kwake, miguu imenyooshwa, bila kibali cha mtu.